Skrini Imerudi, Madirisha Hayajarudi

Kazi yangu ni kutafsiri, na mezani kwangu hapa Tanga kuna skrini mbili. Ya kushoto ni ya kompyuta mpakato yenyewe, ThinkPad T430 niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Ya kulia ni skrini ya inchi 22 niliyoiongeza baadaye. Kushoto naweka matini ya Kiingereza. Kulia, sehemu kubwa ya juu ni tafsiri ninayoiandika, chini yake faharasa ya istilahi ninayoikusanya tangu nianze kazi hii, na pembeni kabisa kidirisha chembamba cha kutafutia maneno.

Ukimtazama fundi cherehani akiwa kazini, utaona hatafuti mkasi. Mkono unakwenda kulia, mkasi upo, anakata, anarudisha, na macho hayajaondoka kwenye kitambaa. Mimi na madirisha yangu tuko hivyo hivyo. Nikikutana na neno gumu, jicho linashuka kulia chini kabla sijaamua kulishusha. Ukinihamishia faharasa kushoto umenipunguzia nusu ya kasi, maana kila neno sasa linataka niwaze kwanza iko wapi.

Halafu umeme unakatika.

Mpakato unaendelea kwa betri, skrini ya kulia inazimika, na ndani ya sekunde moja au mbili madirisha yote yaliyokuwa kule yanakimbilia kushoto na kulaliana juu ya matini. Hilo silipingi. Nyumba ikivuja, vitu huhamishiwa chumba kikavu. Kinachoniuma ni kile kinachofuata. Umeme unarudi, skrini inawaka, picha ya usuli inatokea, na inabaki tupu. Madirisha yote manne yamebanana kushoto, mengine yamepoteza ukubwa wake, na mimi naanza upya kuyabeba moja moja. Jioni moja umeme ulikatika mara tatu kabla ya Isha. Mpwa wangu, aliyekuwa akifanya kazi zake za shule upande wa pili wa meza, alinitazama nikiyapanga kwa mara ya tatu akauliza, "Mjomba, mbona skrini imerudi lakini vitu vyako havijarudi?"

Sikuwa na jibu siku ile. Nimelitafuta kwa muda mrefu, na nataka kulieleza hapa, kwa sababu najua wako wengi wanaotumia mfumo endeshi wa Linux kama mimi kwenye skrini mbili na wamekubali kupanga madirisha upya kila siku kana kwamba ni sheria ya maumbile.

Kabla ya skrini hii nilikuwa na nyingine ya zamani, iliyounganishwa kwa waya wa VGA, na yenyewe ilinitesa kinyume kabisa. Umeme ukikatika, kompyuta haikujua. Skrini ilikuwa giza totoro, lakini madirisha yalibaki mle mle, kishale cha kipanya kikavuka ukingo na kupotelea humo, na kisanduku cha "Hifadhi mabadiliko?" kikafunguka gizani nisikione. Niliandika kwa upofu, nikabonyeza Enter kwa kubahatisha, na siku moja nilipoteza aya sita kwa kubahatisha huko.

Sababu ni hii. Kila skrini ina kichipu kidogo chenye maelezo yake, yanayoitwa EDID: herufi tatu za mtengenezaji, namba ya muundo, namba ya pekee, wiki na mwaka wa kutengenezwa, na vipimo inavyoviweza. Sehemu ya msingi ni baiti 128 tu. Kwenye VGA kichipu hicho kinaweza kupata umeme wake, volti 5, kutoka kwenye kompyuta kupitia waya ule ule. Kwa hiyo skrini imekufa, lakini kitambulisho chake bado kinajibu kikiitwa. DisplayPort, aina ya kebo inayounganisha skrini yangu ya sasa, ina njia tofauti: ndani ya kebo kuna waya mmoja mahususi wa kuiarifu kompyuta kwamba skrini ipo. Skrini ikikosa umeme, ishara hiyo inaanguka, na kompyuta inachukulia kwamba mtu amechomoa kebo. Zipo hata skrini ambazo zikilala usingizi mzito tu huangusha ishara hiyo, ndiyo maana wengine hurudi kutoka kula chakula cha mchana na kukuta kila kitu kimehamia kushoto ilhali umeme haukukatika.

Jaribu mwenyewe. Fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, andika `cat /sys/class/drm/card0-DP-1/edid | wc -c`. Jina la tundu huenda likawa jingine kwako, ila kwangu jibu ni 256: baiti 128 za msingi na 128 za nyongeza. Nikichomoa kebo, jibu ni 0. Nikiichomeka tena, 256, na ni zile zile, herufi kwa herufi, namba kwa namba. Kompyuta ina kila inachohitaji kumtambua aliyerudi. Inamwona mlangoni, inasoma kitambulisho chake, kisha inampokea kama mgeni ambaye hajawahi kukanyaga humu ndani.

Ili kuelewa kwa nini, ilinibidi nirudi nyuma kidogo. Mwaka 1984 pale MIT, chuo kikuu cha Marekani, Bob Scheifler na Jim Gettys walianza mfumo wa madirisha uitwao X, uliorithi mfumo mwingine ulioitwa W. Ndipo herufi hiyo ilipotoka, maana katika alfabeti X hufuata W. Toleo la 11 lilitoka Septemba 1987 na kwa zaidi ya miaka 30 ndilo lililobeba karibu kila eneokazi la Linux. Msimamo wa waanzilishi wake ulikuwa kwamba X itoe nyenzo na isitoe amri za matumizi. Seva ya X, yaani programu yake kuu, inachora na kupokea vibonyezo. Wapi dirisha likae, lina fremu gani, lihamishweje, hayo aachiwe msimamizi wa madirisha, ambaye ni programu nyingine kabisa. Uamuzi huo naupenda hadi leo. Bila huo tusingekuwa na mazingira ya eneokazi na wasimamizi wa madirisha kama Xfce, KDE, GNOME, i3 na nyingine zote, kila moja na tabia yake.

Lakini skrini ya pili haikuwa kwenye hesabu hiyo kwa namna tunavyoitumia sasa. Hapo mwanzo kila skrini ilihesabiwa kivyake, `:0.0` na `:0.1`, na dirisha lililozaliwa kwenye moja halikuweza kuvuka kwenda nyingine. Ikaja nyongeza ya X iitwayo Xinerama ikaziunganisha kuwa uwanja mmoja mpana. Mwaka 2007 ikaja nyongeza nyingine, RandR 1.2, na ndiyo iliyofanya tuweze kuchomeka na kuchomoa skrini bila kuwasha mfumo upya. Amri ya `xrandr` ambayo wengi tunaijua inazungumza na hiyo RandR.

Sasa tazama maarifa yalivyogawanyika. Seva ndiyo inayojua ni skrini ipi imekuja, kwa sababu EDID inapitia kwake. Msimamizi wa madirisha ndiye anayejua kila dirisha liko wapi. Programu ndiyo inayojua dirisha hili ni faharasa na lile ni tafsiri. Skrini ikiondoka, seva inatangaza kwamba uwanja umepungua. Msimamizi anayaokoa madirisha yasiachwe nje. Skrini ikirudi, seva inatangaza kwamba uwanja umeongezeka, na hapo kazi ya kila mmoja imeisha. Hakuna aliyepewa kazi ya kukumbuka dakika kumi zilizopita mambo yalikuwaje. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa lenyewe, na halikufanywa na mtu mmoja.

Uwanja huo mmoja mpana una shida yake nyingine ambayo picha inaieleza vizuri kuliko maneno, lakini nitajaribu. Mpakato wangu una pikseli 1366 kwa 768. Skrini ya kulia ina 1920 kwa 1080. Zikiunganishwa juu kwa juu, X inaziona kama mstatili wa 3286 kwa 1080. Chini ya mpakato kunabaki ukanda wa pikseli 1366 kwa 312 ambao upo kwenye hesabu lakini haupo duniani. Msimamizi mzuri wa madirisha anaujua na kuukwepa. Programu nyingine haziujui. Nilikuwa na programu moja ya kutafsiria, iliyoandikwa kwa lugha ya programu ya Java, iliyokuwa ikihifadhi yenyewe mahali pa kidirisha chake cha kutafutia. Siku nilipoifungua nikiwa safarini, bila skrini ya pili, kidirisha kilifunguka kule kule kulikokuwa na skrini jana yake. Kwenye upau wa kazi kipo, machoni hakipo. Kama limekukuta, dawa kwenye Xfce na mazingira mengi ni hii: chagua dirisha kwa Alt+Tab, bonyeza Alt+F7, kisha bonyeza mshale wowote wa kibodi mara moja. Kuanzia hapo dirisha limeshikamana na kishale. Sogeza kipanya, nalo litakuja.

Na kwa dirisha ambalo ni refu kuliko skrini lililokimbilia, lile ambalo kitufe cha "Sawa" kimezama chini ya ukingo, shikilia Alt, bonyeza popote ndani ya dirisha na ulivute juu. Kitu kidogo, lakini nimeona watu wakizima kompyuta kwa nguvu kwa kukosa kulijua.

Nilipokuwa bado kwenye Xfce niliamua kuitengeneza kumbukumbu mwenyewe. Ipo programu ndogo iitwayo wmctrl. Ukiandika `wmctrl -lG` inakupa orodha ya madirisha, kila moja na namba yake, eneokazi lake, umbali kutoka kushoto, umbali kutoka juu, upana, kimo, jina la kompyuta (yangu inaitwa `tanga`) na kichwa chake. Faharasa yangu ilionekana hivi:

`0x03a00007  0  1366  724  1400  332  tanga  istilahi.ods`

Ile 1366 ndiyo inayosema dirisha linaanzia pale skrini ya kulia inapoanzia. Wazo lilikuwa rahisi: skripti, yaani faili la amri zinazojiendesha, ihifadhi orodha hii kila dakika, na umeme ukirudi nibonyeze kitufe kimoja, `wmctrl -e` ilirudishe kila dirisha kwenye namba zake.

Siku ya kwanza ilirudisha madirisha yote kushoto. Sababu: umeme ulipokatika, skripti iliendelea kuhifadhi kila dakika, ikafuta kumbukumbu nzuri na kuandika mabaya juu yake. Nikaongeza sharti kwamba ihifadhi pale tu skrini ya kulia ipo, kwa kusoma majibu ya `xrandr` na kutafuta neno `connected`. Ikarudia kosa lile lile. Nililitazama kwa nusu saa kabla sijaona kwamba skrini isipokuwepo `xrandr` huandika `disconnected`, na ndani ya neno hilo lile la kwanza limo zima. Kutafuta `"DP-1 connected"`, na nafasi yake katikati, kulimaliza jambo.

Kisha likaja hili ambalo lilinichukua siku nyingi zaidi. Madirisha yalirudi, lakini si pale pale. Kila baada ya umeme kukatika yalikuwa yameshuka kidogo. Baada ya mara nne faharasa ilikuwa imeanza kuzama chini ya ukingo. Kumbe namba ninazozisoma ni za sehemu ya ndani ya dirisha, na namba ninazozitoa zinachukuliwa kama za fremu ya nje. Tofauti ni unene wa upau wa kichwa. Kila safari dirisha linashuka kimo cha upau mmoja. Unene huo unaweza kuusoma kwa `xprop` ukitaja `_NET_FRAME_EXTENTS`, inayotoa namba nne: kushoto, kulia, juu, chini. Nikatoa ya tatu kwenye hesabu, na madirisha yakatulia. Bado kulikuwa na yale yaliyopanuliwa kujaza skrini, ambayo hayakubali kuhamishwa mpaka uyaondolee kwanza hali hiyo kwa `-b remove,maximized_vert,maximized_horz`. Skripti ilifika mistari 41. Ilinitumikia miaka mitatu, na naweza kusema bila kusita kwamba ni kitu cha kompyuta kilichonisaidia kuliko chochote nilichowahi kununua.

Katikati ya hapo nilijaribu i3, msimamizi wa madirisha wa Michael Stapelberg, iliyoanza mwaka 2009. Ilinifundisha kitu. Kwenye i3 kila skrini ina maeneokazi yake, yaani makundi ya madirisha unayohama kati yake, na skrini ikiondoka, eneokazi zima linahamishwa na mpangilio wake wa ndani, kama chumba kilichohamishwa na samani zake zikiwa zimesimama pale pale. Ukiandika kwenye mipangilio kwamba eneokazi la 3 ni mali ya DP-1, skrini ikirudi linarejea lenyewe. Hapo nikaona kwamba jambo hili linawezekana, na kwamba linahitaji tu mtu aliyelifikiria mapema. Sikukaa nayo kwa sababu programu yangu ya kutafsiria hufungua vidirisha vingi vya kuelea na vilinivuruga, ila kwa mtu anayeandika programu au anayeishi ndani ya terminali, ningemwambia aanzie huko.

GNOME ina njia yake ambayo huwashangaza wengi: kwa kawaida maeneokazi yako hubadilika kwenye skrini kuu tu, na skrini ya pili inabaki vile vile ukihama. Wengine hudhani ni hitilafu. Ni uamuzi, na unaweza kuugeuza kwa `gsettings set org.gnome.mutter workspaces-only-on-primary false`. Kwangu mimi uamuzi wao una mantiki, maana faharasa inabaki mbele yako popote uendapo.

Kisha ardhi ikahama chini ya miguu yetu sote. Wayland, iliyoanzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008, imechukua nafasi ya X polepole, na sasa kwa kasi: Ubuntu 25.10, toleo la Linux la Oktoba 2025, haina tena kikao cha GNOME juu ya X. Chini ya Wayland programu ya kawaida haijui iko wapi kwenye skrini. Haiwezi kuuliza, haiwezi kuomba ikae pikseli ya 1366, na haiwezi kuona wala kugusa madirisha ya programu nyingine. Kwa hiyo `wmctrl` haioni madirisha ya Wayland, na skripti yangu ya mistari 41 ilikufa siku niliyohama.

Nilikasirika kwa muda, nakiri. Baadaye nikaelewa. Nyenzo ile ile iliyoniruhusu kusoma madirisha yote ingemruhusu mtu mbaya kusoma ninachoandika, na mimi hutafsiri nyaraka za hospitali zenye majina ya wagonjwa. Sitaki kila programu niliyopakua iwe na uwezo huo. Zaidi ya hayo, Wayland imefanya jambo ambalo X haikulifanya: imeweka maarifa yote mahali pamoja. Anayepokea skrini, anayesoma EDID na anayepanga madirisha sasa ni programu moja. Ikisahau, hakuna wa kumsukumia lawama.

Na ndipo nilipoona mabadiliko. Plasma 5.27, eneokazi la KDE lililotoka Februari 2023, lilifumua upya namna linavyoshughulikia skrini nyingi. Msimamizi wake wa madirisha, KWin, sasa hutunza mahali pa madirisha kwa kila mpangilio wa skrini, na mpangilio ukirudi huyarejesha. Mutter, msimamizi wa madirisha wa GNOME, naye hukumbuka dirisha lilikuwa la skrini ipi. Mimi nilihamia Debian 13, toleo jingine la Linux, iliyotoka Agosti 2025 ikiwa na Plasma 6.3, na T430 yangu ya mwaka 2012 inaibeba bila kulalamika.

Bado kuna mapengo. Programu za zamani zinazopita XWayland, daraja la kuendeshea programu za X ndani ya Wayland, huweza kuonekana na ukungu ukikuza skrini kwa kipimo kisicho kamili kama asilimia 125. Na ukifunga programu ukaifungua tena, kwa sehemu kubwa bado ni msimamizi anayeamua itokee wapi, hivyo kwa madirisha ninayoyajali nimeweka kanuni za KWin: bofya upau wa kichwa kwa kitufe cha kulia, ingia kwenye vitendo zaidi, tengeneza kanuni ya dirisha hilo, sema likae skrini ipi. Kanuni moja kwa dirisha, mara moja, imekwisha.

Wapo wanaoniambia ningenunua UPS, yaani betri ya akiba, ya skrini na kuachana na haya. Ni ushauri mzuri na mwenye uwezo aufuate. Lakini skrini hulala, kebo hulegea, mtu hubeba mpakato kwenda mkutanoni na kurudi nao. Kuondoka na kurudi ni sehemu ya maisha ya mpakato, na mfumo unaokaa humo unapaswa kulijua hilo.

Juzi usiku, kama saa tatu hivi, umeme ulikatika tena. Nilikuwa katikati ya mwongozo wa chanjo, faharasa iko kwenye neno "kinga". Madirisha yakakimbilia kushoto kama kawaida, nami nikaendelea polepole kwa betri, mpwa wangu akiwa amewasha tochi ya simu juu ya daftari lake. Baada ya dakika ishirini taa ikawaka. Skrini ya kulia ikakaa nyeusi kidogo, ikaonyesha nembo yake, kisha tafsiri ikaruka kurudi juu kulia, na faharasa chini yake, bado kwenye "kinga". Kidirisha cha kutafutia peke yake kilibaki kushoto. Nilibonyeza Meta (kitufe chenye nembo ya Windows) na Shift pamoja na mshale wa kulia, kikavuka.

Mpwa wangu alikuwa ameinua kichwa. "Kile kimoja hakina kanuni?" akauliza.

Nikamwambia hakina, na tukaiandika pamoja kabla hajazima tochi.